Tusimsifu Mgema

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili nchini Uganda huikuta methali ya mgema kabla hajafika mbali katika masomo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunaikariri, tunaandika maana ya nje na maana ya ndani, tunapata alama zetu, kisha tunaendelea na methali nyingine. Wengi wetu hatujawahi kumwona mgema kwa macho, kwa sababu kwetu hakuna minazi ya kugemwa. Darasani mwetu mwenzetu mmoja alichora pembezoni mwa daftari ndovu akimwagiwa maji kwa ndoo, mpaka mwalimu alipotueleza kwamba tembo la methali ni pombe ya mnazi.

Mimi natoka Soroti, katika watu wa Teso. Pombe ya kwetu ni ajono, inayotengenezwa kwa ulezi. Chungu huwekwa katikati, maji moto yakamiminwa, na wazee wakakaa kwa duara wakinyonya kwa mirija mirefu. Kwa hiyo Kato aliposema, "Twendeni kwetu Kayunga mkaonje pombe ya mama, halafu kila mmoja aseme ukweli," nilikwenda kama mgeni kabisa. Ndizi nilizijua kwenye sahani, si kwenye kata.

Tulikuwa sita. Kato mwenyewe ndiye mwenyeji. Koku ni Mtanzania kutoka Bukoba. Kambale ametoka Butembo, Kongo, na Kiswahili chake hutuchekesha na kutufundisha kwa wakati mmoja. Zaituni wa Iganga ni Mwislamu, hagusi kileo. Peace ni mlokole, naye pia hagusi, lakini kwa sababu nyingine ambayo tuliijua baadaye. Safari ilikuwa Jumamosi. Tulipanda teksi hadi Mukono, tukapanda nyingine kuelekea kaskazini, tukamalizia kwa bodaboda, wawili wawili, katikati ya mashamba ya mananasi ambayo yameipa sifa sehemu ile ya Bugerere.

Mama yake Kato anaitwa Nnalongo. Hilo si jina la kubatizwa. Kwa Waganda, mwanamke aliyejifungua pacha huitwa hivyo kwa heshima, na baba wa pacha huitwa Ssalongo. Kato ni pacha mdogo, na kaka yake ni Wasswa. Wasichana walipiga magoti kumsalimu kama desturi ya pale inavyotaka, hata Koku, ambaye alisema kwao Bukoba ni hivyo hivyo. Nnalongo hakuwa na haraka. Alimuuliza kila mmoja nyumbani kwao ni wapi na wanakunywa nini huko. Kato alitafsiri pale Kiganda kilipotushinda.

Nilidhani tutakaribishwa, tutaonja, tutashukuru na kuondoka. Kumbe mama alikuwa na shida yake.

Shamba lile lina ndizi za aina ya kayinja, zile za pombe. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uligunduliwa Uganda, katika wilaya ya Mukono, ambayo wakati ule Kayunga ilikuwa imetoka tu kujitenga nayo. Kayinja ndiyo iliyoumia kuliko aina nyingine. Wadudu hufuata ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, wakatoka na bakteria na kuwapeleka mgomba wa pili. Mkulima naye, akikata mgomba mgonjwa kwa panga na kisha akakata mzima kwa panga lile lile, ameshaupeleka ugonjwa kwa mkono wake. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukiipasua ndani unaikuta ina rangi ya kutu. Dawa ya kunyunyiza hakuna. Kinachosaidia ni kuvunja ua dume mapema kwa mti wenye panda, bila kutumia kisu, kusafisha vifaa, na kung'oa migomba iliyougua.

Nnalongo alipoteza zaidi ya nusu ya shamba Kato akiwa bado hajaanza shule. Alipanda upya. Sasa ugonjwa ulikuwa umerudi sehemu ya chini, karibu na kijito. Wasswa alitaka ing'olewe migomba yote, mgonjwa na mzima, wapande mananasi ambayo yana soko. Kato hakutaka. Ndugu hao pacha walikuwa hawasemeshani vizuri kwa muda wa miezi miwili. Mama aliwaambia kwamba ataamua yeye, lakini kwanza anataka kujua jambo moja.

"Majirani wote wanasema pombe yangu ni nzuri," alituambia. "Wanasema hivyo tangu mume wangu hajafa. Sijui kama wanasema kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu nawakopesha. Ninyi siwadai. Onjeni mniambie."

Nilimtazama Koku, naye akanitazama. Tulifikiria methali moja bila kuitamka.

Basi kazi ikaanza, maana Nnalongo hakutaka tuonje kitu tusichojua kinavyopatikana. Siku tano kabla yetu, mikungu ilikuwa imefukiwa shimoni. Shimo hutandikwa majani makavu ya migomba, hutiwa joto kwa moto, ndizi mbichi zikapangwa, zikafunikwa kwa majani na udongo. Zilipofukuliwa zilikuwa laini, za manjano, na harufu yake ilijaa ua wote. Tulikaa chini tukazimenya, sote sita, tukitupa maganda kwa mbuzi.

Ndizi zilizomenywa zilitiwa kwenye mtumbwi. Nasema mtumbwi kwa sababu Waganda wenyewe hutumia neno moja, lyato, kwa chombo cha kuvukia ziwa na kwa gogo hili lililochongwa la kukamulia ndizi. Juu ya ndizi waliweka nyasi ndefu kavu. Kisha Kato na mjomba wake waliosha miguu kwa maji na sabuni, wakaingia na kuanza kukanyaga. Ndiyo maana pombe hii huitwa mwenge bigere, yaani pombe ya miguu. Kambale hakungoja kualikwa. Alikunja suruali, akaingia, akaanza kuimba wimbo wa kwao wa kazi, na mjomba akaufuata mdundo wake bila kujua hata neno moja. Nyasi zilishika machicha, juisi ikajitenga, ikakusanyika upande mmoja wa mtumbwi, nzito na ya rangi ya majani makavu.

Hapo ndipo Koku alipozua kizaazaa. Nnalongo alichota kata ya ile juisi, akaichuja kwa nyasi, akampa Zaituni akisema, "Kunywa omubisi." Koku alirusha mkono akaizuia kata. "Usinywe! Hiyo ni pombe!" Zaituni alishtuka, Nnalongo akashangaa, mbuzi wakakimbia. Ilichukua muda kuelewana. Kwa Wahaya wa Bukoba, rubisi ndiyo pombe yenyewe ya ndizi, iliyokwisha kuiva. Kwa Waganda, omubisi ni juisi tamu ambayo bado haijachacha, haina kileo. Lugha mbili za jirani, neno karibu moja, na katikati yake kuna siku mbili za kuchacha. Zaituni alikunywa kata mbili, Peace akanywa moja, na Koku akaombwa radhi na kuomba radhi mara nyingi kiasi kwamba Nnalongo alicheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia hapo kila mtu alitaka kutaja jina la kwao. Kambale alisema kwao Kivu ni kasiksi. Mmoja akakumbusha kwamba Rwanda ni urwagwa na Burundi ni urwarwa. Tulipolinganisha namna ya kutengeneza tuligundua kwamba tofauti ni ndogo sana. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa na nyasi, maji yanaongezwa, mtama uliokaangwa na kusagwa unatiwa, chombo kinafunikwa kwa majani ya migomba, watu wanangoja. Hamira ndogo ndogo zilizomo zinaula ule utamu na kuugeuza kuwa kileo na hewa, na pombe inachemka bila moto. Baada ya siku chache, hewa ikiingia, bakteria wengine huigeuza kuwa siki. Kwa hiyo pombe hii haivumilii safari ndefu wala kukaa dukani. Imeenea nchi tano kwa sababu watu wa nchi hizo walijifunza kuitengeneza. Yenyewe haikusafiri.

Je, kwa Kiswahili ni nini? Tulibishana juu ya hilo mpaka jua likawa kichwani. Pombe ya ndizi ndilo jina la kawaida, lakini Kambale aliliona kavu. Koku alikuwa ameleta chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma, zawadi kwa mwenyeji, akasema kwao Tanzania kuna kiwanda cha Arusha kinachotia kinywaji cha ndizi katika chupa na watu wanakiita mvinyo wa ndizi. Zabibu za Dodoma zililetwa na wamisionari Wataliano katika miaka ya 1950, alieleza, na kwa jua la kule mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mimi nikasema mvinyo ni neno la Wareno, vinho, na divai limetoka kwa Wafaransa, ndiyo maana linapendwa makanisani. Kato akauliza kwa nini kinywaji cha bibi yake kipewe jina la Mreno ili kiheshimiwe. Hakuna aliyemjibu vizuri. Mpaka leo naona swali lake lina haki ya kuandikiwa insha nzima.

Ile juisi tuliyoikamua isingeiva mpaka kesho yake au kesho kutwa. Za kuonjwa zilikuwa zimetayarishwa mapema. Mchana majirani walianza kufika, kila mmoja na kibuyu chake chini ya kwapa. Nnalongo alileta vibuyu vitatu vilivyofanana, akavifunga nyuzi, kimoja nyekundu, kimoja nyeupe, kimoja nyeusi. Alisema kimoja ni chake cha mkamuo wa kwanza, kimoja ni chake pia lakini cha mkamuo wa pili, na kimoja ni cha mwanamke wa ng'ambo ya kijito. Hakusema kipi ni kipi. Alionja mwenyewe kila kimoja kabla ya kumpa mtu, kama mwenyeji anavyopaswa kufanya ili mgeni asiwe na shaka.

Nitaeleza nilichokionja mimi. Chenye uzi mwekundu kilianza na utamu, kikafuatiwa na uchachu, na mwisho ulimi ukabaki na ukakasi wa moshi, labda kutokana na mtama uliokaangwa. Chenye uzi mweusi kilikuwa kikali na kilinikumbusha siki. Chenye uzi mweupe kilikuwa chepesi, kinanyweka, kinapita tu bila kuacha kitu. Kwetu ajono hunywewa moto na polepole, mrija ukipumzishwa wakati wa maongezi. Hapa watu walikunywa kwa kata, wakapangusa midomo, wakatoa hukumu kwa sauti kubwa. Mzee mmoja, Ssalongo mwingine wa kijiji kile, aliapa kwamba nyeusi ni ya Nnalongo kwa sababu anaijua tangu ujana wake. Mwingine akasema mzee huyo hajui hata mlango wa nyumba yake baada ya saa kumi na mbili. Wakacheka, wakagombana, wakaonja tena ili wahakikishe. Uhakika haukupatikana, lakini vibuyu vilizidi kuwa vyepesi.

Wengi wa majirani, walipoulizwa, walisema vyote vitatu ni vizuri. Hilo ndilo Nnalongo alilokuwa akiliogopa.

Kisha akatugeukia sisi. Kambale alichagua nyekundu. Mimi pia. Kato alikataa kusema, kwa kuwa anamjua mpishi. Koku alishika kile cheupe, akaonja mara ya tatu, akasema kwa Kiswahili, taratibu, huku Kato akitafsiri: "Mama, hii imetiwa maji mengi. Ndizi hazikutosha. Aliyeitengeneza anajua kazi, lakini amevuta."

Ua ulinyamaza. Mzee wa hukumu aliangalia kata yake. Nnalongo alisema, "Hiyo ni yangu. Mkamuo wa pili. Ndizi hazikutosha, kweli. Miezi hii yote ndiyo hiyo ninayowauzia." Akawaonyesha majirani kwa kidole, bila hasira. "Na ninyi mnasema nzuri."

Nyekundu ilikuwa mkamuo wake wa kwanza. Nyeusi ilikuwa ya ng'ambo ya kijito.

Nafikiri siku hiyo ingeishia kwa kicheko kama Peace asingesema neno. Alikuwa amekaa kimya karibu na mlango wa jiko na kata yake ya juisi. Majirani walipoanza kuondoka, Kato alisema kwa fahari kwamba kila shilingi ya karo yake, kutoka shule ya msingi hadi chuo kikuu, imetoka kwenye mtumbwi ule. Peace akamjibu, si kwa ukali: "Wewe pombe ilikulipia karo. Mimi ndiyo iliyoninyima. Baba yangu alikuwa anakaa kwenye ua kama huu. Mama ya mtu fulani alikuwa anampimia."

Hatukujua aangalie nani. Kato alisita kutafsiri, lakini mama yake alimtaka aseme, na aseme lote.

Nnalongo alikaa kwa muda akisugua kibuyu kwa kiganja. Mimi nilitarajia ajitetee. Angeweza kusema kwamba ni mjane, kwamba hakuwa na kazi nyingine, kwamba mtu mzima hunywa kwa hiari yake. Yote hayo ni kweli. Alisema hivi: "Mwanangu, nimewahi kumpimia mtu huku najua mtoto wake hana daftari. Si mara moja. Siku hizi kuna wanaume watatu siwauzii. Wanakwenda ng'ambo ya kijito. Sijui kama nimesaidia."

Peace aliinama, akasema asante. Baadaye alinieleza kwamba maishani mwake hakuwahi kumsikia mwuza pombe akilikubali jambo hilo mbele yake, na kwamba hilo halikumrudishia miaka aliyokosa shule, lakini lilimpa nafasi ya kuacha kumchukia mwanamke asiyemjua. Zaituni, ambaye dini yake imeshamaliza suala hili, hakutia neno. Aliosha kata zote akazipanga.

Jioni hiyo hiyo Nnalongo aliwaita pacha wake. Hatukualikwa, ila ua ni mdogo na sauti zinafika. Sehemu ya chini yote ing'olewe, mgonjwa na mzima, ardhi ipumzike bila mgomba kwa miezi kadhaa, kisha Wasswa apande mananasi yake. Sehemu ya juu, karibu na nyumba, ibaki kayinja, na Kato akija likizo kazi yake ya kwanza iwe kuvunja maua dume kwa mti wenye panda. Mkamuo wa pili hautauzwa tena. Kama ndizi zitatosha dumu moja la lita 20, litauzwa dumu moja. Na sehemu ya juisi itauzwa ikiwa juisi, asubuhi, kabla haijachacha, kwa yeyote atakayeitaka.

Wasswa aliuliza nani atanunua juisi. Mama akasema, "Leo nimeona wanunuzi wawili."

Tangu siku hiyo naifundisha methali ile kwa wadogo zangu kwa namna tofauti kidogo. Vitabu vyetu vya marudio vinasema maana yake ni kwamba mtu akisifiwa huharibu kazi, na lawama yote humwangukia mgema. Sikatai. Lakini nimewaona pia wale wanaosifu. Walikuwa watu wema, wenye deni, wasiotaka kumuudhi jirani mjane, nao waliinywa maji kwa miezi na kuyaita pombe. Nnalongo alijua kwamba anatia maji. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, ndipo akaagiza wageni kutoka nchi tatu wamsaidie.

Kato alirudi muhula uliofuata na habari kwamba migomba ya chini imeng'olewa na miche ya mananasi inatafutwa. Alikuja pia na dumu la omubisi, limefungwa vizuri, akalifikisha hosteli likiwa bado tamu. Tulilimaliza usiku ule ule, kwa sababu kesho yake lingekuwa na jina jingine, na Peace na Zaituni wangebaki na kiu.